Sauti Kutoka Shimo la Mashine

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Moosreuth, Bavaria

Naitwa Dkt. Irmgard Pointner, umri wangu miaka 44, mtafiti wa fizikia, mkazi wa Moosreuth. Nasema haya kwa hiari yangu mbele ya Sajini Zwickl.

Mnamo tarehe 14 Machi, saa tatu asubuhi, nilikuwa maabara na Severin Aigner, mtafiti mwenzangu, na Korbinian Hallweger, fundi mkuu wa mashine yetu. Mashine hiyo hurusha chembe kwa kasi kubwa kwenye vigae vya tangsteni, metali ngumu isiyoyeyuka upesi, vilivyotoka kwenye ukuta wa tanuri linaloiga moto wa jua. Chembe zinazorudi hutuambia ukuta umenasa haidrojeni kiasi gani. Ukinasa nyingi mno, tanuri hilo si salama.

Mashine ilikuwa na hitilafu, ikabidi tuifungue. Kwanza gesi inayozuia umeme kuruka ndani yake huhamishiwa kwenye tangi jingine. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini na kuifukuza hewa ya kupumua. Pampu yake iko ndani ya shimo, chini ya sakafu.

Korbinian alikuwa mchangamfu. Aliniambia, "Daktari, kigae chako kinakunywa kuliko baba mkwe wangu siku ya bia!"

Nikamjibu, "Tengeneza mashine kwanza, ndipo umseme mkwe."

Pampu ilikuwa inavuta polepole. Akasema, "Nashuka kukaza vali, dakika moja tu." Akateremka ngazi. Hatukujua kwamba bomba lilikuwa limepasuka.

Muda si muda akaita, "Irmgard, nipe spana ndogo." Sauti yake ilikuwa nzito ajabu. Gesi ile ikiingia kifuani hugeuza sauti. Mimi hilo nalijua, nafundisha wanafunzi. Lakini yeye kila siku ana mzaha, nami nikacheka. Nikamwambia, "Acha uchizi, Korbi, unaongea kama zimwi."

Hakujibu. Nilipochungulia nilimwona amekaa chini, ameegemea ukuta, macho wazi.

Nikaweka mguu kwenye ngazi. Severin akanidaka kwa nyuma, akanikumbatia kwa nguvu. "Ukishuka tutatoa maiti mbili! Irmgard, nisikilize!" Nilimuuma mkono. Hakuniachia. Alama za meno bado anazo.

Afisa ameniuliza kama kengele ya hewa, ile inayolia hewa ya kupumua ikipungua, ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Imefungwa ukutani, juu ya kichwa changu. Gesi ilikuwa chini ya miguu yetu. Haikulia hata mara moja.

Zimamoto walifika na mitungi ya hewa mgongoni, wakamtoa. Hospitalini, daktari alitutazama, akatikisa kichwa.

Mkewe, Theres, alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba mumewe amezirai. Alikuja na mfuko wenye pajama, mswaki na miwani ya kusomea. Akanishika bega, akasema, "Afadhali uko hapa. Yuko chumba gani? Bila miwani hii atawasumbua manesi."

Mimi ndiye niliyemwambia.

Nimesomewa maelezo yangu, ndivyo nilivyoona na kusikia.

(Sahihi) I. Pointner

Maelezo yameandikwa nami, Sajini Leonhard Zwickl. Shahidi alipumzika mara mbili. Mfuko wa marehemu haukuchukuliwa kama kielelezo. Mjane ameondoka nao.