Ufuo wa Matanga

Vatusolo,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Sakiusa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto mko wazima huko Suva, na kile kifua chako kimepoa. Sisi tunamshukuru Mungu. Baba anakula magimbi yake vizuri, na kanisani bado anaimba kwa sauti ya kuwafunika wote.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu Baba, hata ukimwona amesinzia, masikio yake hayasinzii.

Utakumbuka ulivyouacha ufuo wa hoteli ninakofua. Tangu walipojenga ule ukuta wa zege, bahari iliula mchanga mpaka wageni wakawa wanashuka ngazi na kukanyaga mawe matupu. Basi mwezi wa Agosti mchanga ukaanza kurudi. Meneja, Bwana Garrick, alitukusanya akasema bahari imerudisha ilichochukua, tumshukuru Mungu. Wenzangu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Unanijua, hata jua likiwaka natoka na mwavuli.

Halafu kwenye mataulo ya wageni nikaanza kuona zile chembe nyekundu tulizokuwa tukiokota utotoni. Kaka, mchanga wa hoteli ni wa kijivu tangu zamani. Chembe nyekundu ziko Rasi tu, kule alikozikwa Mama.

Na Rasi imefungwa. Tangu tulipomzika mkuu wetu wa kijiji, hakuna mwanakijiji aliyekanyaga ufuo ule wala kuvua mbele yake, kama ilivyo desturi. Siku mia zilipotimia tulijiandaa kuufungua, lakini Baba, akiwa msemaji wa ukoo, alisimama mkutanoni akaomba matanga yaongezwe hadi mwisho wa Novemba, kwa kuwa uchungu haujatutoka. Watu walilia. Nami nililia, ila nilipofika nyumbani nikajiuliza tangu lini Baba na marehemu walipikika chungu kimoja.

Ndipo nikaanza kumshuku kila mtu. Kwanza binamu Kitione, anayeendesha tingatinga la hoteli. Nilimkuta barazani akinywa kava na wenzake, nikamuuliza siku hizi anachimba wapi. Akasema, “Binamu, kwa sura hiyo ya kipolisi, ndiyo maana huolewi.” Nikamwambia nimeshakataa wenye meno mengi kuliko yake. Watu walicheka sana, lakini yeye bakuli lake hakulimaliza, na Kitione kuacha kava ni habari ya kutangazwa redioni. Hata wewe nilikushuku, maana ulinunua gari mwezi uleule. Nisamehe.

Alhamisi Bwana Garrick alikuja nyumbani na furushi la mizizi ya kava, akaketi mkekani na Baba. Nilipoingia na chai wakanyamaza. Alipoondoka nilimbana Baba, na mwishowe akasema yeye ndiye aliyeruhusu. Hoteli ichukue mchanga kidogo wa Rasi, na badala yake ijenge ukuta wa mawe mbele ya makaburi, ili bahari isimfikie Mama. Alijua kijiji kingekataa, ndiyo maana alirefusha matanga, watu wasione. Sasa kazi imekwisha, alisema, na Garrick amemhakikishia mbele ya bakuli la kava kwamba ukuta umesimama imara.

Nikamuuliza kama ameuona. Alinitazama kama niliyetukana kanisani. “Ufuo umefungwa, binti yangu. Mimi ndiye niliyeufunga, nitaukanyagaje?”

Kaka, nakiri kwako peke yako: mimi nimeukanyaga. Jana alfajiri nilipitia kwenye mikoko. Hakuna ukuta. Hakuna hata jiwe. Mchanga umechotwa mpaka udongo unaonekana, na maji yanaingia makaburini. Msalaba wa Mama umelala, na ule mkeka tuliomzikia, alioufuma kwa mikono yake, pembe yake imetokeza nje. Niliifukia kwa viganja, nikaweka magogo juu, nikalia huku nimejiziba mdomo. Nina hasira na Garrick ambayo sijui niiweke wapi.

Jumamosi matanga yanaisha. Baba ndiye atakayetangulia kuingia ufuoni, kijiji kizima kikiwa nyuma yake, na ataona pamoja nao. Nimejaribu kumwambia nikashindwa. Nikianza tu, namwona anavyotabasamu siku hizi, tabasamu ambalo hatujaliona tangu msiba wa Mama. Sikuombi uje kugombana na hoteli, hayo yatafuata. Njoo Ijumaa, tumwambie pamoja, au tukishindwa, asubuhi tumshike, wewe mkono mmoja, mimi mwingine.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto. Baba naye anakusalimu sana. Ameniona naandika, akasema nikwambie ukija atakupeleka mwenyewe ukauone ukuta wa Mama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Vilimaina