Supu ya Hanoi Ndani ya Eda

Jumanne, 8 Aprili
Chai, uradi, dirisha. Tena. Mtaa wa Jules, huku ugenini kusini, uko hapo chini na siruhusiwi kuukanyaga. Wifi Mwanahawa amekalia kochi la marehemu mume wangu, Salim, uso mlangoni, utadhani nitatoroka. Alikuja kutoka Tanga kumzika kaka yake, akabaki kunilinda. Eda sina ugomvi nayo. Salim anaistahili. Ugomvi wangu ni na mlinzi.

Shoga yangu Zuhura kaondoka leo kwenda Vietnam. Tulikuwa twende watatu. Salim ndiye aliyetutia wazimu huo: kutwa anakaanga samaki pale kona, jioni anatazama video za masoko ya Hanoi mpaka chakula kinapoa. Tiketi yake imekufa naye. Yangu wamekubali kuisogeza hadi Agosti.

Jumapili, 13 Aprili
Zuhura katuma video ya soko. Samaki hai kwenye mabeseni, wamama wenye kofia za ukili wanabishana bei. Samaki mmoja karuka, mama kamdaka bila kukatisha maneno. Salim angecheka hadi akohoe.

Halafu picha: Zuhura nje ya mgahawa wa Waislamu, kwenye kistuli cha plastiki, magoti karibu na kidevu. Supu ya ng'ombe, tambi za mchele, majani mabichi tele. Saa moja asubuhi! Nilikuwa na kiporo cha ugali. Nimeona wivu, na siombi radhi.

Jumamosi, 19 Aprili
Wifi kachukua simu. Eti mjane hatalii dunia akiwa kitandani. Kisha akanieleza, huku akikunja kanga, kwamba shemeji zangu wameshaamua: nikitoka eda narudi naye Tanga, nikae nyumba ya familia. Hakuna aliyeniuliza. Kumbe natoka chumba kimoja naingia kingine. Nimelia kwa hasira. Yeye akadhani ni huzuni, akaniletea maji.

Ijumaa, 2 Mei
Nimeipika ile supu ya picha ya Zuhura. Mama Divine, jirani yetu Mkongo, aliniletea kile kiungo chenye umbo la nyota kutoka maduka ya Wachina. Mifupa tangu alfajiri, tangawizi na vitunguu vya kuchoma, mdalasini. Nyumba ikanukia.

Wifi akatoka kuswali, akasimama kati ya sebule.
"Umejifukiza?"
Mjane hagusi manukato, hilo nalijua. Nikamwambia ni supu. Akasema supu hainukii kama chumba cha bi harusi. Akatafuta chetezo chini ya kitanda, kabatini, hata kwenye viatu vya Salim. Alipokikosa akaamini nimetia uturi kwenye sufuria. Akaimwaga yote kwenye sinki.

Ndipo akaiona mifupa.

 Nilitaka kumrushia mwiko. Aliiosha sufuria mwenyewe, polepole, kisha akauliza ilikuwa supu gani. Nikamwambia ni ya Hanoi, ya zile video zilizokuwa zikimpoozea Salim chakula chake. Akakaa sakafuni akamlilia kaka yake. Nilichelewa kumshika bega, lakini nilimshika. Jioni simu ilikuwa juu ya mto wangu.

Jumatano, 14 Mei
Eda imeisha. Nimeoga, nimevaa dera la kijani. Mikoba miwili mlangoni, mmoja wangu, kaufunga yeye. Nimeufungua. Nguo moja moja nimezirudisha kabatini, naye anatazama. Nikamwambia: "Siendi Tanga, wifi. Agosti naenda Vietnam. Nikirudi nitafungua kona ya Salim." 

Nikashuka. Baridi. Kwenye robot, taa za kuvukia barabara, ikawaka kijani na miguu ikagoma. Nyekundu. Kijani tena. Watu wananipita. Nikavuka.

Nikanunua mifupa kwa bucha wa halali, nikarudi. Mkoba wa wifi ulikuwa bado mlangoni, basi lake ni kesho. Yeye yuko jikoni, kashachoma tangawizi. Bila kugeuka akaniuliza zile nyota nimeziweka wapi.