Mbuzi wa Pole

Mafinga

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepungua kukusumbua, na mvua ya huko Tukuyu imekuachia hata nusu siku ya kuanika maharage. Mimi ni mzima, ukiacha vile vidole vitatu ambavyo habari zake unazijua. Ukiona mwandiko unalala-lala usiseme nimeanza ulevi. Ni mkono wa kushoto huo, bado uko darasa la kwanza. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na sababu naijua: ni yule mbuzi.

Nilipokatwa na msumeno kiwandani, bosi alimtuma dereva wa lori aje huko nyumbani na beberu na mfuko wa sukari. Baba mdogo akachinja, majirani wakala. Baadaye mkasikia nimefungua kesi, nawe ukaniambia, "Mtu umekula mbuzi wake, halafu unamshtaki? Mimi nitapita wapi hapa kijijini?" Ukakata simu.

Basi mama, kesi imeisha, na huyo mbuzi ndiye aliyeimaliza.

Wakili wa bosi alianza kwa kusema uzembe ni wangu, mteja wake hana kosa hata chembe. Wenzangu wawili wa kiwandani wakaeleza kwamba kava la kukinga vidole kwenye msumeno liliondolewa ili mbao zipite haraka, na kila tulipolidai tuliambiwa tusubiri. Wakili akabadili njia. Akasema familia yetu ilipokea mbuzi ikamla, na kwa mila za watu wa huku ukishakula umesamehe. Wazee waliokuja kusikiliza wakatikisa vichwa kukubali. Hapo nilikukumbuka, nikajua nimekwisha.

Wakili wangu, yule dada wa msaada wa kisheria kutoka Iringa mjini, akasimama bila haraka, akamwuliza bosi mwenyewe: "Huyo mbuzi ulimtoa kama pole, au kama faini ya kosa lako?"

Akisema faini, amekiri kosa ambalo wakili wake ameshinda asubuhi nzima akilikana. Akisema pole, basi hajamaliza kitu, maana anayetoa pole msibani hajalipa madeni ya marehemu. Bosi akamwangalia wakili wake. Wakili akawa ana kitu anakitafuta kwenye begi.

"Alikuwa wa pole tu," bosi akasema. "Ningejua mbuzi atakuwa na maneno mengi hivi, ningepeleka sukari peke yake."

Hakimu mwenyewe alitabasamu. Siku ya hukumu akasema nilipwe fidia, ya matibabu na ya mkono. Amepunguza kidogo, kwa sababu ilithibitika kwamba wakati msumeno unazunguka nilikuwa napiga soga. Kwa hiyo mdomo wangu umenigharimu, kama ulivyosema tangu nikiwa mdogo. Hata hivyo kinachobaki kinatosha kuanzisha kibanda changu cha kuuza mbao hapa hapa barabarani, na kuuza hakuhitaji vidole kumi.

Sasa sikiliza hili, ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Tulipotoka nje bosi aliniita pembeni. Nilidhani ni matusi. Akasema hatakata rufaa, kisha akaniuliza, "Mama hajambo? Mwambie yule mbuzi nilimtoa kwa moyo. Kesi ni kitu kingine." Akauliza pia kama mbuzi mwenyewe alikuwa na mafuta. Nikamwambia alikuwa nayo.

Nisalimie baba mdogo, mchinjaji wetu, na dada anayekusomea barua hii. Asiruke pale pa mdomo wangu. Msalimie na mama mchungaji, ambaye najua alikula paja.

Baba mdogo ameniambia ile ngozi ya mbuzi umeificha darini, hutaki hata kuiona. Ishushe, mama, uitandike kibarazani mbele ya watu, uikalie. Jumapili ukitoka kanisani nitapiga simu.

Mwanao,
Ambakisye