Giza la Mjerumani

Mama Odette mpenzi wangu,

Huku Lubumbashi kuna baridi kali, lakini mimi ni mzima. Jana mjukuu wetu Aline alinipeleka kwenye wiki ya filamu za mwongozaji mmoja wa Ujerumani, wiki aliyoiandaa Aline mwenyewe. Mjerumani aliyezileta filamu hizo alikuwamo ukumbini, na Aline aliogopa kwamba watu wakichoka na kutoka, mgeni huyo atazifungasha aondoke nazo.

Katikati ya filamu picha ikawa giza tupu, kama mwongozaji alivyokusudia. Ukumbi mzima ukadhani umeme umekatika, ukapaza sauti: "Courant imeenda! Papa mulinzi, washa groupe!" Mlinzi akawasha jenereta. Tukawasha tochi za simu, na watu wakaanza kugawana karanga. Ndipo sauti ya mwanamume wa kwenye filamu ikatoka gizani, ikilalamika kwa Kijerumani. Mama mmoja akaijibu kwa upole, akimtaka akae atulie: "Papa, ikala kwanza, courant itarudia."

Aline akafunika uso. Mjerumani, machozi ya kicheko yakimtoka, akamwambia kwamba kwingine kote watu husinzia hapo. Ameomba kesho jenereta iwashwe tena wakati uleule, na yule mama asikose kuja.

Jifunike vizuri, wala usikae mtoni hadi jioni. Nakukumbuka sana.

Mumeo,
Anselme