Iliki Uliyoiacha Kisimani

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekaa kando ya kisima, palepale ulipokuwa ukichota maji ya kumwagilia iliki. Naandikia gotini, unisamehe mwandiko.

Baba mdogo ameikata iliki yako. Nimemng'ata.

Tangu tukuzike nimemaliza kidato cha nne, na kila asubuhi nilimwagilia kama ulivyonifundisha. Yeye alipita akicheka: "Miaka mitatu majani matupu. Shemeji alituletea magugu kutoka milima ya Tanga. Mimi hapa nataka vitunguu." Niliendelea kumwagilia, unanijua. Hapa kwetu Mungaa mtama na alizeti vinabeba juu. Mtu akitafuta zao anainua macho, hajui kuwa iliki huzaa chini. Mwezi uliopita maua yakatoka chini, yakatambaa juu ya udongo, meupe yenye mistari ya zambarau. Nikakumbuka ulivyonitania: "Inaona haya kama wewe." Nilipaswa kumwita Baba mdogo siku ileile aone. Sikuthubutu.

Jumatatu akaja na panga. Nilisikia mabua yakianguka kabla sijafika. Alikata huku buti zake zikiponda maua na punje changa. Nikajaribu kusema, "Baba, acha." Sauti haikutoka. Nikamrukia. Akanipiga kwa ubapa wa panga, nyusi ikapasuka, damu ikaniingia jichoni. Nikaukamata mkono wake kwa meno. Alinipiga ngumi kichwani, tena na tena, nami nimeng'ang'ania mpaka panga likaanguka. Mama, nilitaka aumie. Nilipoonja damu yake nilifurahi. Hilo sijamwambia mtu.

Ndipo nikafunua majani chini, nikamwonyesha maua na punje zilizobaki. Aliinama kutazama, ameushika mkono wake.

"Kumbe ni huku," akasema. "Sasa mbona hukusema, binti?"

Nikaanza kuokota punje zilizopondwa.

Yamebaki mashina manne mazima. Yaliyokatwa nimeyafunika kwa majani ya migomba. Mizizi bado hai.

Wazee wa ukoo wameamua kesho nikampigie magoti, kwa kuwa nimemwaga damu ya mkubwa. Nitaenda. Nitamwamkia, nitaomba radhi kwa ajili ya mkono. Kisha nitasema, wote wasikie, kwamba kisimani hapapandwi vitunguu, na akirudi na panga atanikuta.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, kesho sauti itatoka.

Mwanao,
Neema