Picha Mlangoni pa Kantini

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na miguu, bado inavimba ukisimama sana jikoni? Mimi sijambo, ila kuchoka. Asubuhi darasa la ukunga, mchana wodini, jioni nafua mashuka ya hoteli mpaka mikono imekuwa ya bibi kizee. Juzi nimeamka nikajikuta nimevua kiatu kimoja tu.

Nina jambo. Wanafunzi wa chuo chetu kila mwaka huchangisha fedha za kusaidia watoto yatima nchi nyingine. Mwaka huu walikuwa wanatafuta pa kuzipeleka, na mimi nikajikuta nimenyoosha mkono: "Kuna makao nayajua." Mwenyekiti wao, msichana mwenye maneno mengi na moyo mzuri, akaniuliza nimeyajuaje. Nikasema niliwahi kupita pale. Si uongo, Shangazi. Nilipita miaka kumi na miwili.

Usinigombeze. Huku mimi ni mwanafunzi tu kama wao, na kuna raha yake kuwa mwanafunzi tu.

Wanaomba uwaandikie mnachohitaji, na picha chache za watoto.

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kwamba ni wangu. Watoto sasa ni thelathini na wanane, wazima wote, ukiacha mafua yanayopita kitanda kwa kitanda kama mkaguzi. Mpishi anakusalimu. Anasema ule, umekonda. Nimemuuliza amekuonea wapi, akasema sauti ya barua inatosha.

Sikugombezi. Waambie tunahitaji paa la bweni la wasichana, basi. Mvua ikinyesha tunasukuma vitanda vyote upande mmoja, wanalala wanne wanne. Fundi alipanda juu kuangalia, akashuka anatikisa kichwa: pa kuziba hapapo tena, ni kuezua lote. Mvua kubwa ni Mei. Na tafadhali wasilete midoli. Stoo yetu ina midoli kuliko watoto.

Picha ndizo zimenipa kazi. Wakubwa wamekataa. Mmoja kaniambia, "Shangazi, wakiiona shuleni watanicheka." Sikumlazimisha. Nimefungua kasha la picha za zamani nikachukua sita saba, za watu ambao leo wana ndevu na watoto wao. Miwani yangu imepasuka kioo kimoja, kwa hiyo nimechagua kwa kukisia. Nimezitia humu.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mafua yamemaliza ukaguzi. Mimi mwili ni mzima.

Kamati imechagua picha moja kati ya zile. Msichana wa miaka sita hivi, kasimama mlangoni pa jikoni, gauni halina kifungo, kashika sahani tupu, kakunja uso. Wameikuza ikawa ndefu kunizidi, wakaibandika mlangoni pa kantini. Chini wameandika: LEO HAJALA.

Ni mimi, Shangazi.

Mwenyekiti aliponionyesha alisema, "Tazama macho haya! Nani atapita hapa asitoe kitu?" Nikamwambia kweli, hakuna. Sasa kila siku nakula nikitazamwa na sura yangu mwenyewe. Jana mwenzangu wa chumbani aliingia na mkate mkononi, akaiona, akaumeza haraka haraka kama mtu aliyefumaniwa. Akatia sarafu kisandukuni, kisha akanigeukia: "Wewe huguswi?"

Nikatia na mimi. Nimejichangia mwenyewe, Shangazi! Nilicheka njia nzima mpaka chooni. Nilipofunga mlango sikucheka tena.

Sijui nifanye nini. Kisanduku kinajaa.

Mwanao


12 Aprili

Mwanangu,

Salamu zitafuata, kwanza nisamehe. Ningekuwa na macho mawili nisingeipeleka.

Lakini nikueleze kitu, maana wewe ulikuwa mdogo huwezi kukumbuka. Siku ile ulikuwa umeshakula, tena mara mbili. Ulinuna kwa sababu mpishi alitaka kukuoshea sahani. Ukaikumbatia, ukamwambia, "Hii yangu, naosha mwenyewe." Wiki tatu nzima tangu uletwe ulikuwa hujatamka neno. Tulishaanza kudhani husemi. Mpishi akaachia mwiko ukaanguka, na mimi nikamshika mkono mgeni mmoja aliyekuwa na kamera: piga, piga haraka, huyu anaongea! Hiyo ndiyo picha wanayoilia.

Sema neno tu, nitawaandikia waishushe. Nimechoka, sikufichi. Miaka ishirini na sita ya kuomba inachosha kuliko kufua. Lakini tumeshalala chini ya turubai na tutalala tena. Bweni hili siliezeki kwa uso wako.

Sasa salamu: hujambo? Unakula?

Shangazi yako


20 Mei

Mwanangu,

Mbona kimya? Nimeulizia barua mpaka karani wa posta akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Mvua imeanza. Na Jumanne fundi kaja na lori la mabati, mimi sijamwita. Anasema chuo chenu kimemtumia fedha yeye moja kwa moja. Wasichana wamerukaruka uani. Mimi nimefurahi nusu, nusu nyingine inakusubiri wewe. Zimepatikanaje? Umenyamaza ili sisi tuezeke?

Nijibu, hata mstari mmoja. Mpishi naye kanuna.

Shangazi yako


9 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kukuhangaisha. Mimi mzima. Nakula.

Barua yako ya Aprili niliisomea kazini, karibu na mashine ya kupigia pasi, shuka likaungua. Kesho yake niliingia kwenye kikao cha kamati nikasema, "Yule mtoto alikuwa ameshakula."

Mwenyekiti akauliza, "Umejuaje?"

"Kwa sababu ni mimi."

Akalia, akanikumbatia, akaenda kuibandua kwa mikono yake. Nikadhani yamekwisha. Baada ya siku mbili akanijia anang'aa: tuirudishe, na pembeni yake tukuweke wewe na sare yako ya ukunga. Zamani na sasa! Nikasema hapana. Akaniuliza kwa upole kabisa, wala hakuwa na ubaya, "Hata kwa ajili ya wadogo zako?"

Swali hilo lilinikalisha siku nne. Nikimkanda mama mgongo wodini, naliona. Nikikunja shuka, nalo lipo. Siku ya tano nikamwambia nitabeba kisanduku mwenyewe, mlango kwa mlango, nitaosha vyombo vya kantini watu wakilipia, lakini uso wangu hapana. Akanitazama sana. Kisha akavua koti akaja kuosha na mimi. Mlangoni tulibandika karatasi isiyo na picha, yenye maneno tu: BWENI LINAVUJA, MVUA KUBWA NI MEI. Fedha ziliingia kwa kusuasua. Zimetosha paa, dari hazikutosha. Nisamehe kwa dari.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira. Nawe kidogo, nao kidogo, na mimi zaidi. Nilipomaliza kuwaambia kule kwetu ni wapi, mwenzangu wa chumbani aliniuliza nani alinilea, nikashindwa kujua nianzie wapi. Nikazungumza saa mbili, na hata kwa mpishi sikufika.

Wanataka kuja Agosti, watu kumi na wawili. Nimewaambia wakuandikie, uamue mwenyewe. Mimi sitakuja nao. Nitakuja Julai, mitihani ikiisha, peke yangu. Nauli ninayo, zawadi sina.

Ila nakuomba kitu. Mgeni akija mnatupanga mstari, wafupi mbele, tunaimba, na nguo nzuri zinarudi stoo jioni ileile. Mimi nataka kitanda chochote chini ya hilo bati, nilale siku mbili bila kuitwa. Usiwaambie watoto kwamba kuna mgeni.

Mwanao