Orodha ya Wapiga Kelele

Jumanne, 9 Juni

Mkuu wa shule amenithibitishia saa tisa alasiri, ofisini kwake, mlango umefungwa: msichana wa Kidato cha Nne amesimamishwa masomo kuanzia leo. Kosa, kumdharau mwalimu. Mwalimu huyo ni mimi.

Niandike kwa mpangilio, kama ningekuwa namwandika mtu mwingine.

Leo ni siku yangu ya tisa kama mwalimu wa kujitolea. Gazeti linataka makala ndefu. Walimu wanalalamika kwamba tangu fimbo ipigwe marufuku wanafunzi hawashikiki. Wanafunzi wanasema walimu hawajui kuongea bila fimbo. Mhariri akaniambia nikae humo wiki tatu nione. Nilifundisha historia miaka miwili kabla sijaingia gazetini, kwa hiyo cheti ninacho. Mkuu anajua mimi ni mwandishi. Wengine hawajui. Wanafunzi wananiita Babu Daftari — wanadhani sisikii.

Saa nane na dakika tano niliitwa ofisini. Nikaliacha darasa, wanafunzi sitini na mmoja. Nilirudi saa nane na dakika ishirini. Kelele nilizisikia nikiwa bado kwenye ngazi. Nilipoingia, kimya. Kiranja, kijana mrefu wanayemwita Karani, akanipa karatasi: orodha ya wapiga kelele. Majina saba. La kwanza la msichana, lina alama tatu za x pembeni, yaani kaonywa mara tatu na hakusikia.

Nikasoma jina. Akasimama, akasema hakuongea. Nyuma wakacheka. Nikamwambia apige magoti. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba kanuni zilizobandikwa ukutani zinakataza kupigishwa magoti, halafu akaanza: "Mwalimu, wewe ndiye uliye—" Nyuma wakaguna wote kwa pamoja. Nikampiga kibao. Kimoja. Mkono wa kulia, shavu la kushoto.

Siandiki kwamba hasira zilinipanda. Kila niliyewahi kumhoji kuhusu jambo hili alisema hivyo hivyo.

Hakulia. Aliketi. Niliendelea na somo dakika kumi na mbili.

Mkuu alikuwa na fomu tayari. Safu ya kosa imejazwa, safu ya adhabu imejazwa: kusimamishwa hadi kikao cha bodi. Safu ya kibao hakuna. Akaniambia ndugu yangu, tukiandika lingine tunaanguka wote, shule na gazeti lako. Nikaisoma fomu mara mbili. Kisha nikatia saini.


Jumatano, 10 Juni

Nimefungua daftari langu la kazi kutafuta kitu kingine. Jana, saa nane na dakika nne, mwandiko wangu mwenyewe: "Nimemtuma wa dawati la mbele ramani, stoo."

Wa dawati la mbele ni yeye.

Leo dawati lake tupu. Ramani ipo ubaoni, imetundikwa kwa pini nne, imenyooka. Ilikuwa hapo jana nilipoinua mkono. Nilisimama mbele yake.

Nimetembea hadi stoo nikitazama saa. Dakika nne kwenda, nne kurudi, na mtunza stoo hatoi hata chaki bila kuandikisha. Kitabu chake kinaonyesha: ramani moja, saa nane na dakika kumi na mbili, saini ya msichana. Katika dakika kumi na tano za orodha ile, kumi na moja yeye alikuwa nje, amefuata ramani niliyomtuma mimi. Alichotaka kusema jana ni "Wewe ndiye uliyenituma." Nilimkata kabla hajamaliza.

Nikamwita Karani kando ya tangi la maji. Sikumtisha. Alinieleza bila kuficha, kama mtu anayeeleza kazi yake. Orodha ikiwa tupu, anayeadhibiwa ni kiranja. Majina yakiwa chini ya matano, mwalimu wa nidhamu anairudisha. Basi huwa anaanza na wale ambao hawapo.

"Aliye nje habishi, Mwalimu," akasema.

Na alama za x? Akacheka kidogo. Hizo ni za kuifanya ionekane ya kweli.

Miaka ishirini na sita nipo kwenye kazi hii. Habari ya chanzo kimoja siipeleki mezani, hata iwe ya mechi ya mtaani. Nimempiga mtoto wa watu kwa chanzo kimoja. Chanzo cha pili kilikuwa mfukoni mwangu, kwa mwandiko wangu!


Alhamisi, 11 Juni

Asubuhi nilikwenda kwa mkuu kuifuta saini. Haifutiki. Fomu imeshafika kwa bodi ya shule. Bodi inakaa Jumatatu tarehe 15, saa tatu na nusu. Ikiridhia, msichana anafukuzwa kabisa. Usajili wa mtihani unafungwa Ijumaa ya tarehe 19, na hakuna shule inayopokea mtahiniwa zikibaki siku nne. Nikamwambia alitumwa na mimi. Akasema hayo nikayasemee huko huko mbele ya bodi, lakini nifikirie sana. Alinisindikiza mpaka mlangoni, kwa heshima zote.

Alasiri nilipita chumba cha habari. Simu ya mezani ikaita, ikaulizwa jina langu. Mwanamume. Akajitambulisha: fundi wa viti vya magari, baba wa msichana mmoja aliyepigwa shuleni Jumanne.

"Wewe si ndiye unayeandika habari za watoto wanaopigwa? Wangu kapigwa, halafu aliyefukuzwa ni yeye."

Alitaka nimtafutie jina la mwalimu. Binti hataki kusema, anasema tu ni mgeni. Nikamuuliza maswali ya siku zote: lini, saa ngapi, nani alikuwepo, kuna aliyeona. Majibu yote nilikuwa nayo. Niliyaandika hata hivyo, kwa mpangilio, na nikamshukuru kwa kupiga simu.

Tumeahidiana Jumamosi, karakanani kwake.


Ijumaa, 12 Juni

Nimemwambia mhariri. Akauliza kama kuna video. Nikasema hapana, simu hukusanywa getini. Akapumua. Akashauri nimalize makala, tukio niliweke kama la "mwalimu mmoja wa kujitolea". Si uongo, akasema.

Nikajaribu. Aya moja, mistari mitano, imetulia vizuri, hata ina mdundo. Nikaifuta kwa sababu ya huo mdundo.

Jioni dada yangu alipita kuchukua sufuria yake. Amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na mwaka nilioandika habari za viboko shuleni kwake hakunisemesha miezi mitano. Nikamweleza yote. Aliketi na sufuria mapajani.

"Miaka yote hiyo unatuandika sisi," akasema. "Na wewe safari hii umedumu darasani siku ngapi, mdogo wangu?"

Tisa.

"Tisa!" Akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha kicheko kikamwisha. Akasema yeye fimbo aliiacha muda mrefu kabla ya marufuku, si kwa sababu ya makala zangu, nisijipe sifa. Siku moja alimwadhibu mtoto kimakosa, akamwomba radhi mbele ya darasa zima. Tangu hapo kila alipoishika fimbo alifikiria huo mwisho wake. Watoto wa siku hizi wanauliza kwa nini, akasema. Wa zamani nao walikuwa wanauliza, ila kimoyomoyo.

Aliondoka akaisahau sufuria.


Jumamosi, 13 Juni

Nilikwenda nikiwa nimekusudia kumwambia.

Karakana ni chumba kimoja kirefu. Cherehani nzito ya ngozi, sponji zimepangwa hadi darini, harufu ya gundi. Kiti cha basi dogo kilikuwa kimelazwa sakafuni, kimechunwa. Baba mtu ni mfupi, mpana, anaongea huku ameuma sindano. Akanikalisha kwenye kiti kilichokwisha kushonwa, akasema nikikague vizuri, mwenyewe anakuja kukichukua saa kumi.

Ameandika barua kwa bodi. Akanipa niikague, maana yeye anashona viti, barua humtoka zikiwa zimekunjamana. Niliikagua. Niliweka vituo vitatu na mkato mmoja. Mstari wa nne unasema: "Mwalimu huyu hafai kuachwa na mtoto wa mtu yeyote." Huo sikuugusa.

Akanisimulia kwamba yeye alipigwa shuleni mpaka akahitimu, na hakuwahi kumwambia baba yake, angeongezewa. Sasa binti kamuuliza: Baba, wewe kila ulipopigwa ulikuwa na kosa? Ndiyo sababu akanipigia mimi.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilifungua mdomo. Nikauliza barua ina nakala ngapi.

Binti akaingia na nyuzi kutoka dukani. Aliponiona alisimama. Baba akamwambia, msalimie mwandishi, huyu ndiye atakayetusaidia.

"Shikamoo," akasema. Hakuongeza "Mwalimu".

Nikaitikia marahaba. Ilitoka kama kikohozi.

Nilipoaga, baba akamtuma anisindikize mpaka barabarani. Tulitembea hatua kama thelathini. Kisha akaniambia, bila kunitazama:

"Baba akijua leo atakupiga. Akikupiga atafungwa, nami nitakosa shule na baba. Sema Jumatatu, humo ndani, mbele yao."

Nikamwambia samahani.

"Hiyo nayo isubiri. Ulinipiga mbele ya watu sitini."

Akarudi. Ana miaka kumi na saba. Nimewahoji mawaziri waliokuwa na akili pungufu ya hiyo.


Jumapili, 14 Juni

Nimeandika maelezo kwa bodi. Toleo la kwanza maneno mia tatu na sita. Nikayasoma kwa jicho la mhariri. Nimebakiza tisini na nne. Yaliyoondoka yote yalikuwa ya kujitetea.

Nimeambatisha nakala ya ukurasa wa daftari langu. Ya kitabu cha stoo, mtunza stoo alikataa — hadi mkuu aruhusu.

Mkuu alipiga simu saa sita mchana. Sikupokea. Akatuma ujumbe: bado hatujachelewa, tuongee kiungwana.

Sikujibu. Wala sikuufuta.


Jumatatu, 15 Juni

Saa tatu na dakika tisa. Benchi la nje ya ofisi ya mkuu. Naandika kwenye goti.

Baba mtu alinitangulia. Shati limepigwa pasi, mikono bado ina madoa ya gundi. Akaniita kwa mbali, akanipa nafasi kushoto kwake. Binti yuko kulia kwake, kavaa sare. Mkuu alipita, akatuona watatu kwenye benchi moja, akasimama. Akarudi ndani bila salamu. Baba akasema umeona, ameogopa gazeti.

Saa tatu na dakika kumi na nane. Katibu wa ofisi ametoka na karatasi. Kasoma: mwalimu aliyetia saini fomu atasikilizwa wa kwanza, mzazi na mwanafunzi wataingia naye. Akanitazama kidogo. Kaondoka. Mkuu hakumwambia kwamba ni mimi, au kamwambia.

Baba anatazama geti. Kila anayeingia ananiuliza, ni yule? Mpishi wa shule. Fundi bomba. Mwalimu wa michezo na mipira yake. Anasema watu wa namna hiyo hawaji, wanatuma barua. Nimemwambia atakuja. Kaniuliza najuaje. Nimesema amethibitisha.

Saa tatu na dakika ishirini na nne. Amesogea, akanishika bega, akanihamishia upande wa pili wake, karibu na mlango.

"Akija," ameniambia polepole, binti asisikie, "wewe kaa katikati yangu na yeye. Nisije nikamgusa."

Binti amesikia. Ananitazama mimi, si geti.

Maelezo nimeyashika mkononi, karatasi moja. Baba kaona nimeshika kitu, hajauliza. Ndani wanavuta viti.

Saa tatu na dakika ishirini na saba. Tunaingia saa tatu na nusu.